Mimba yenye presha au sukari haianzii kliniki ya wajawazito

Mwanamke wa miaka 33 mwenye kisukari huenda kliniki ya sukari kila baada ya miezi miwili au mitatu. Hupimwa, huandikiwa dawa, huonywa kuhusu chakula, akarudi nyumbani. Katika ziara zote hizo kuna swali moja ambalo ni nadra kuulizwa: una nia ya kubeba mimba karibuni? Mimba ikiingia, huonekana upande wa pili wa ua uleule wa hospitali, mwezi wa nne au wa tano, na nesi anayemfungulia kijitabu cha mama na mtoto hana habari na faili lake la sukari. Kwa maoni yetu hapo ndipo Mombasa inapopoteza akina mama na vichanga ambao wangeokolewa. Dawa nyingi zinazohitajika ni za miaka mingi na bei yake si kubwa. Kinachopotea ni muda, na hupotea kabla ya yeyote kujua kwamba kuna mimba.

Wiki za mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutunga, yaani wiki ya sita kwa hesabu hiyo. Wakati huo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na mwenyewe huenda anadhani ni uchovu au joto la kaskazi. Kufikia wiki ya kumi moyo wa mtoto umeshagawanyika vyumba vyake vinne. Sukari iliyopanda sana katika wiki hizo huharibu uumbaji wenyewe: moyo wenye tundu, uti wa mgongo usiofunga, au mimba inayotoka bila sababu kujulikana. Matibabu ya mwezi wa tano yana faida kubwa, ila moyo ulioumbika vibaya hauumbiki upya.

Wala si kwamba akina mama hawaendi kliniki. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya waliojifungua walihudumiwa na mtaalamu wakati wa ujauzito, lakini waliofikisha ziara nne au zaidi walikuwa asilimia 66. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ziara nane tangu 2016, ya kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Kuna sababu za kuchelewa ambazo hazihitaji kulaumiwa. Wengi hapa Pwani huficha mimba changa kwa kuogopa jicho, wengine husubiri mume arudi safari, wengine hawana nauli. Mwenye afya njema anaweza kuchelewa asidhurike. Mwenye maradhi ya kudumu hana nafasi hiyo, na hakuna aliyemwambia.

Kwamba mambo yanaweza kupangwa vizuri zaidi, tunao mfano wa VVU. Bila matibabu, uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto tumboni, wakati wa kuzaa au kwa kunyonyesha ni asilimia 15 hadi 45. Dawa zikimezwa sawasawa hushuka chini ya asilimia 5. Dawa peke yake hazikuleta badiliko hilo. Kila mja mzito hupimwa siku ya kwanza, mwenye virusi huanzishiwa matibabu bila kusubirishwa, mtoto hupimwa akiwa na wiki sita kwa damu iliyokaushwa kwenye karatasi, na jina lake hubaki katika rejista mpaka amalize kunyonya na kupimwa mara ya mwisho. Asiyefika hutafutwa. Mama mwenye presha au kisukari hana rejista kama hiyo. Akipotea baada ya ziara ya pili, hakuna anayempigia simu.

Kisukari ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi ugonjwa wa mama unavyomfikia mtoto. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma, insulini yake haivuki. Mtoto anayepokea sukari nyingi hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, nayo humnenepesha, hasa mabega na tumbo. Ndiyo maana mtoto wa kilo nne na nusu anayeshangiliwa na jamaa wodini huenda ni mtoto aliyeathirika. Kichwa hutoka, bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena, na mkunga hubaki na dakika chache tu za kulitoa kabla ubongo haujakosa hewa. Akivuta kwa nguvu, neva za mkono hudhurika na mtoto hukua na mkono uliolegea.

Hatari ya pili huja kitovu kinapokatwa. Sukari ya mama imekoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado inafanya kazi, kwa hiyo sukari yake hushuka kwa kasi katika saa chache za mwanzo. Ikiwa chini ya 2.6 mmol/L anahitaji kuhudumiwa mara moja. Hutetemeka, hulegea, hukataa titi, au haonyeshi dalili yoyote mpaka degedege limpate. Kinga yake ni rahisi kuieleza, na ni rahisi vilevile kuisahau leba inapojaa: awekwe kifuani kwa mama, anyonye ndani ya nusu saa, arudie kila baada ya saa mbili au tatu, apimwe sukari kisiginoni kabla ya kunyonya katika siku ya kwanza. Asiogeshwe mapema, maana akipata baridi mwili wake hutumia sukari ili ujipatie joto. Familia itakayomfanyia tahniki, yaani kumpaka tende mdomoni, ioshe mikono, wala isihesabu tende hiyo kuwa lishe. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Yote hayo hupungua sana sukari ikidhibitiwa kabla ya mimba. Kipimo cha kuangalia ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi iliyopita. Kikiwa chini ya asilimia 6.5 ndio wakati mzuri wa kushika mimba. Kikizidi 10, ushauri wa kitaalamu ni kuahirisha na kutumia uzazi wa mpango mpaka kishuke. Katika miezi hiyo ya maandalizi macho hukaguliwa, kwa sababu mimba inaweza kuharakisha uharibifu wa mishipa ya nyuma ya jicho, na figo hupimwa kwa damu na mkojo. Asidi ya foliki huanzwa kwa kipimo cha miligramu 5 kila siku mpaka wiki ya 12. Baada ya hapo hurudishwa kwenye kipimo kidogo kilicho ndani ya vidonge vya kawaida vya kliniki, na sababu yake ni muhimu kwetu sisi wa Pwani: kuanzia wiki ya 13 mja mzito hupewa SP ya kuzuia malaria, na asidi ya foliki ya miligramu 5 huidhoofisha.

Kati ya vidonge vya sukari, metformin kwa kawaida huendelea. Glibenclamide ni heri ibadilishwe, maana huvuka kondo na huongeza uwezekano wa kichanga kushukiwa na sukari. Insulini ndiyo nguzo, na Mombasa ina shida yake: joto. Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje siku 28 mradi joto lisizidi nyuzi 30 hivi, jambo ambalo chumba cha mabati pale Bangladesh, Mikindani, hakiwezi kulihakikisha mwezi wa Machi. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa penye kivuli na upepo, chupa ikiwa ndani ya kopo lisiloingiza maji, hupunguza joto vya kutosha kuliko kabati. Insulini iliyoganda au iliyoshinda juani itupwe hata kama rangi yake haijabadilika. Mara nyingi sukari inayokataa kushuka husingiziwa ukaidi wa mama, ilhali dawa ndiyo iliyoharibika.

Wakati wa mimba shabaha ni sukari chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya chakula. Inavyotakiwa ni kupima mara nne kwa siku. Vijiti vya kupimia ni ghali, na wengi hupima asubuhi tu wakaridhika. Hilo ni kosa, kwa sababu sukari inayomnenepesha mtoto mara nyingi ni ile ya baada ya mlo. Mwenye vijiti viwili kwa siku na apime asubuhi kabla ya kula, kisha kimoja akizungushe: leo baada ya kiamshakinywa, kesho baada ya chakula cha mchana, keshokutwa baada ya cha usiku. Kwa siku tatu daktari atakuwa na picha ya kufanyia kazi. Kuanzia nusu ya pili ya mimba homoni za kondo huifanya insulini isifanye kazi vizuri, na kipimo kinaweza kuongezeka maradufu. Kondo likishatoka, hali hugeuka ndani ya saa chache. Mama akidungwa usiku huo kipimo kilekile cha jana, anaweza kuzimia. Daftari la leba liandike kipimo kipya kabla hajajifungua.

Kuhusu chakula, ushauri wa kumkataza mtu kila kitu haufanyi kazi. Katika mahamri kwa mbaazi, tatizo ni mahamri, yaliyo ya unga mweupe, sukari na mafuta. Mbaazi zina nyuzinyuzi na protini, zibaki. Wali wa nazi ukadiriwe ngumi moja ya mwenyewe, nusu ya sahani iwe mchicha au kisamvu, na samaki. Chai isiwe na sukari, na madafu, maji ya miwa na juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari yahesabiwe kama soda. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya mlo hushusha sukari kwa kiasi kinachoonekana kwenye kijiti. Na Ramadhani, mja mzito anayedungwa insulini ana ruhusa ya dini ya kula. Azungumze na daktari na shehe wake kabla ya mwezi kuandama, asingoje mpaka azirai siku ya tatu.

Wapo pia ambao sukari huwapanda kwa mara ya kwanza wakiwa na mimba. Kuwapata kwa kupima mkojo peke yake ni kubahatisha. Kipimo sahihi hufanywa wiki ya 24 hadi 28: mama hunywa gramu 75 za glukosi akiwa hajala tangu usiku, na damu hupimwa kabla, baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kipimo kimoja tu kikifika 5.1, 10.0 au 8.5 kwa mpangilio huo, ana kisukari cha mimba. Aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo nne, mnene, au mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari apimwe mapema, asisubiri wiki hizo.

Presha nayo huua mama kwa haraka zaidi. Mwenye presha ya kudumu ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya watano au wanne wa kupata juu yake ile ya mimba, yenye protini kwenye mkojo, ambayo huweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, kiharusi, kondo kubanduka kabla ya wakati, au mtoto kufia tumboni. Kinachotokea ni kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye kondo hubaki myembamba, mtoto hudumaa, na mara nyingi inabidi azaliwe kabla ya wakati.

Kosa la kwanza ni dawa. Enalapril na losartan, zinazotumiwa sana katika kliniki za presha, huharibu figo za mtoto, hupunguza maji ya uzazi na huweza kumuua. Zinapaswa kubadilishwa kabla ya mimba au siku mimba inapojulikana, ziwekwe methyldopa, nifedipine ya kutoa dawa polepole au labetalol. Kosa la pili ni kinyume chake: mama husikia kwamba dawa ni mbaya kwa mtoto, akaacha zote. Kwa miaka mingi hata madaktari waliacha presha ya wastani bila kuitibu, wakihofia mtoto kudumaa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2022, wenye wanawake zaidi ya 2,400, ulionyesha kwamba kuishusha presha ya kudumu chini ya 140/90 huwalinda mama na mtoto bila kuongeza watoto wadogo kwa umri wao. Mjadala huo umekwisha, na anayeendelea kuambiwa kwamba 150/95 “si mbaya kwa mimba” anapewa ushauri wa zamani.

Halafu kuna aspirini. Kidonge kidogo cha miligramu 75 hadi 150 kila usiku hupunguza hatari ya presha ya mimba kwa wenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, au waliowahi kupata kifafa cha mimba. Ila kinafaa zaidi kikianzwa wiki ya 12, kabla ya ya 16, wakati kondo linajijenga. Anayekuja kliniki mwezi wa tano amekwisha kuikosa nafasi yake bora, na hakuna kipimo cha juu kitakachoirudisha. Kama kuna sababu moja tu ya kumtaka mwenye presha aje kliniki mapema, ni hii. Kalisiamu nayo husaidia kwa wanaokula maziwa na dagaa kidogo. Majaribio yaliyofanywa India na Tanzania, yaliyochapishwa 2024, yalionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa duni kuliko 1,500 katika kuzuia presha ya mimba. Kidonge kimoja badala ya vitatu kinamezeka.

Vidonge hivyo vyote, hata hivyo, hugombana tumboni. Madini ya chuma na kalisiamu vikimezwa pamoja hupunguziana nguvu, basi chuma kiwe mchana na kalisiamu usiku. Chuma kisimezwe na chai, kwa sababu chai huzuia kisifyonzwe, na kwetu chai ndiyo inayoteremshia kila kidonge. Anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU aimeze saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baadaye, au vyote pamoja na mlo. Tumbo likiwa tupu, madini huishika dawa isifyonzwe, virusi vikapanda huku mama anaapa kwamba hajaruka hata siku moja. Anaapa kweli. Anayetumia levothyroxine ya tezi aimeze alfajiri kabla ya kula, chuma kifuate baada ya saa nne; na kipimo chake huhitaji kuongezwa kwa takriban robo au zaidi mara mimba inapogundulika. Nesi akiandika nyakati hizo tatu au nne kwenye jalada la kijitabu, amefanya kazi kubwa kuliko hotuba.

Upimaji wenyewe wa presha hukosewa kila siku. Mama apumzike dakika tano, akae akiegemea, nyayo zikiwa sakafuni, mkono wazi ukiwa usawa wa moyo, asizungumze. Kufunga mkanda juu ya mkono wa buibui, au kuukunja mpaka ukabana begani, hutoa namba isiyoaminika, na mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba kuliko ilivyo. Ikifika 160 juu au 110 chini, irudiwe baada ya dakika 15, na ikithibitika ni dharura, hata kama mama anacheka na kuzungumza.

Dalili ambazo familia nzima inapaswa kuzijua ni kichwa kuuma bila kutulia, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, na uso kuvimba ghafla. Akianza degedege alazwe ubavu wa kushoto, asitiwe kijiko wala kitambaa mdomoni. Wapo wanaoliona degedege hilo kuwa ni mashetani na kumtafuta mganga kwanza. Dua isomwe garini, safari ikiendelea.

Safari hiyo ndiyo inayomtofautisha mama wa Likoni au Mtongwe na wa Tudor. Saa nane za usiku kuna kivuko kati yake na Hospitali Kuu ya Pwani. Kwa hiyo dozi ya kwanza ya magnesium sulfate, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, lazima idungwe ng'ambo ileile aliko: gramu 4 polepole kwenye mshipa pamoja na gramu 10 kwenye nyama, 5 kila tako, au zile 10 za kwenye nyama peke yake kama hakuna awezaye kudunga mshipa. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa 2002 ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Anayesindikiza ahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika, na awe na calcium gluconate mkononi ikiwa dawa itazidi. Kumpakia kwenye ambulensi bila dozi hiyo ili “atibiwe huko anakokwenda” ni kumkabidhi kwa foleni ya feri.

Inapolazimu mtoto azaliwe kabla ya wiki 34, sindano nne za dexamethasone za miligramu 6, kila baada ya saa 12, huyakomaza mapafu yake. Utafiti wa 2020 ulioihusisha Kenya ulithibitisha kwamba hupunguza vifo vya vichanga, pale ambapo umri wa mimba unajulikana na mtoto atahudumiwa ipasavyo. Mama mwenye kisukari atapandwa na sukari kwa siku kadhaa baada ya sindano hizo, basi insulini iongezwe papo hapo. Mtoto huyo akizaliwa, afungwe kifuani kwa mama kwa leso, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi iwezekanavyo kwa siku. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka hilo lianze mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hajatengemaa.

Selimundu ni ugonjwa wa kwetu kwa namna ambayo si wa bara yote, kwa sababu chembe zake za urithi zilienea palipokuwa na malaria. Msichana mwenye selimundu ambaye zamani hakutarajiwa kufikia umri wa kuzaa sasa anaufikia, nasi hatujajiandaa naye. Hydroxyurea inayomzuia asishikwe na maumivu huachwa kabla ya kutafuta mimba, kwa ushauri wa daktari. Mumewe apimwe chembe hizo mapema: akiwa naye amebeba selimundu, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto mgonjwa. Mama mwenyewe anahitaji asidi ya foliki ya kipimo kikubwa muda wote, maji mengi katika joto letu, na kinga ya malaria isiyokatika. Kwa sababu ya asidi hiyo, na kama anameza proguanil ya kuzuia malaria kila siku, aseme kabla ya kupewa SP ili asichanganyiwe. Homa kwake ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni mara nyingi hujulikana kwa mara ya kwanza katika mimba. Damu ya mja mzito huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na vali iliyobana haiwezi kuipitisha. Mama haponi kikohozi, hawezi kulala bila mito mitatu, huamka usiku akitafuta hewa. Akiambiwa kwamba ndivyo mimba zilivyo, huenda akafa wiki ya 30, au siku ya kwanza baada ya kuzaa, ambapo damu iliyokuwa kwenye mji wa mimba hurudi moyoni kwa mkupuo. Ergometrine, sindano ya kuzuia damu kutoka baada ya kuzaa, asidungwe, wala asidungwe mwenye presha.

Kwa wenye kifafa jambo kuu ni dawa iitwayo valproate: takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro, na hadi wanne kati ya kumi huchelewa kiakili. Lamotrigine na levetiracetam ni salama zaidi. Lakini dawa ya kifafa haiachwi ghafla kwa hofu, na wenye pumu vilevile wasiache pampu zao. Mtoto anayekosa hewa kwa sababu mama kabanwa hudhurika zaidi kuliko anayeguswa na dawa.

Baada ya kujifungua, ulinzi wote hukoma siku mama anayohitaji zaidi. Presha hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya sita, na wengi wameruhusiwa baada ya saa 24. Mzazi yuko ndani, amekandwa, anakunywa uji wa pilipili manga wenye sukari nyingi, na hakuna mwenye mashine ya kupima. Kichwa kikiuma huambiwa ni uchovu wa leba. Methyldopa ibadilishwe ndani ya siku mbili, kwa sababu inaweza kuchangia huzuni ya uzazi. Enalapril, iliyokatazwa tumboni, sasa inaruhusiwa hata kwa anayenyonyesha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai mwenye presha. Kitanzi na kipandikizi vinamfaa.

Aliyekuwa na kisukari cha mimba arudie kipimo cha gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12, maana uwezekano wake wa kupata kisukari cha kudumu ni kama mara kumi ya wenzake. Wachache sana hurudi. Ila wote, karibu bila kukosa, humleta mtoto chanjo ya wiki sita na ya wiki kumi. Mama amekaa kwenye benchi, kijitabu mkononi. Apimwe hapo hapo, presha na sukari, kabla sindano ya mtoto haijachomwa. Hakuna jengo jipya linalohitajika kwa hilo.

Tunachoomba kaunti ifanye hakihitaji bajeti kubwa. Kila kliniki ya presha, sukari, kifafa, selimundu na VVU imuulize kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa kuhusu mimba, katika kila ziara, na jibu liandikwe. Asiyetaka apewe uzazi wa mpango siku hiyo. Anayetaka abadilishiwe dawa, aanzishiwe asidi ya foliki, apewe namba ya simu ya kupiga hedhi ikichelewa. Kliniki ya wajawazito ipewe nakala ya faili. Na wahamasishaji wa afya ya jamii, waliogawiwa vifurushi vyenye mashine za presha na sukari Septemba 2023, tayari wanapita nyumba hadi nyumba Kisauni, Changamwe na Likoni. Waongezewe kazi moja yenye tarehe: kila mzazi aliyekuwa na presha apimwe nyumbani siku ya tatu na siku ya sita, na namba ikifika 150/100 wampeleke hospitali siku hiyohiyo, arobaini isiwe sababu ya kumngojesha.